SABUNI YA KUNYOLEA NDEVU: CHAGUA KWA AKILI, LINDA NGOZI NA DAMU YAKO

Mwezi huu ukurasa wa familia unaongea juu ya jambo ambalo akina baba wanalifanya kila wiki bila kulifikiria sana: kunyoa ndevu. Ati kuna nini cha kuandika hapo? Wembe si wembe, na sabuni si sabuni? Ngoja kidogo, ndugu msomaji. Ukimaliza kusoma utaona kwamba kipande cha sabuni na wembe wa bei ndogo vinaweza kukuachia uso msafi, au vikakuletea vipele, makovu na hata ugonjwa ambao utauingiza nyumbani kwa mke na watoto.

Mimi ni mdogo kwenu wazee, na wengine mmenyoa ndevu kabla sijazaliwa. Lakini vijana wetu wa miaka 15 na 16 wanaanza kunyoa sasa hivi, na wengi wanajifunza wenyewe kwa wenyewe nyuma ya nyumba. Heri wafundishwe na baba.

SABUNI NI KIDOGO, KAZI NI NYINGI

Sabuni inapogawiwa, mama ndiye anayeumia kichwa. Vitabu vya viwango vya misaada, kama kile cha Sphere, vinasema mtu mmoja anahitaji gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za sabuni ya kufua kwa mwezi. Sote tunajua kuwa kiasi hicho hakifiki kila mwezi, na kikifika, kipande kimoja kinauzwa kupata chumvi na kingine kinafua nguo za shule. Basi baba akitaka kunyoa, anachukua chochote kilichobaki kwenye beseni. Siku moja ni sabuni ya mche, siku nyingine ni sabuni ya unga, siku nyingine ni maji matupu.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Habari njema ni kwamba kunyoa hakuhitaji sabuni nyingi. Povu la uso mzima linatoka kwenye sabuni ya kama gramu 1 tu. Kwa hiyo kipande kimoja kizuri cha gramu 100, kikiwekwa pakavu na kikitumiwa kwa kunyoa peke yake, kinaweza kukufikisha miezi mingi. Ni afadhali baba awe na kipande chake kidogo kuliko kukata kwenye sabuni ya watoto kila siku.

KWA NINI TUNAPAKA SABUNI?

Wengi wanadhani sabuni ni ya kufanya wembe uteleze tu. Ina kazi tatu. Kwanza inaondoa mafuta yanayofunika ndevu, ili maji yaingie. Unywele mkavu ni mgumu kama waya mwembamba, lakini ukinywa maji kwa dakika 2 au 3 unakuwa laini na wembe unaukata bila kuuvuta. Pili, povu zito linashikilia maji hayo yasikauke. Tatu, linaweka utelezi kati ya chuma na ngozi.

Unaona basi kwamba anayefanya kazi kubwa ni maji. Sabuni ni msaidizi wake. Mtu anayepaka povu kwenye ndevu kavu na kunyoa palepale ameharibu sabuni bure.

SABUNI ZA KUNYOLEA ZENYEWE ZIKOJE?

Sabuni ngumu za kuogea zinatengenezwa kwa mafuta na soda kali, ile wengine wanaiita kostiki. Sabuni na krimu za kunyolea za jadi huongezewa potashi, au hutengenezwa kwa potashi zaidi. Potashi ndiyo inayofanya sabuni iwe laini, iyeyuke upesi na kutoa povu zito kama maziwa yaliyopigwa. Wazee wetu waliochuja majivu ya maganda ya ndizi au ya kuni wanaijua potashi vizuri, ingawa hawakuiita kwa jina hilo. Ndiyo maana sabuni ya majivu huwa laini na haikauki kama mche wa dukani.

Mafuta nayo yana kazi yake. Mafuta ya nazi yanatoa povu la haraka lenye mapovu makubwa, lakini yakizidi yanakausha ngozi. Mafuta ya mawese na ya wanyama yanatoa povu dogo dogo lililoshikana, na hilo ndilo linalokaa usoni. Gliserini inazuia povu lisikauke. Ukisoma karatasi ya sabuni na kukuta gliserini, hiyo ni dalili nzuri.

Sokoni, kama pale Jebel au Konyo Konyo, unaweza kukutana na aina tatu:

Ya kwanza ni sabuni ngumu ya kunyolea, ya kijiti au ya kibakuli. Inadumu sana na haimwagiki. Ukiipata, hiyo ndiyo ya kwetu.

Ya pili ni krimu ya tyubu. Inatoa povu kirahisi hata kwa mkono. Kosa la wengi ni kukamua nyingi kama dawa ya meno ya watu watano. Kiasi cha punje moja kubwa ya maharage kinatosha. Angalia tarehe ya mwisho, na kama tyubu imefunguliwa au imevimba kwa jua, iache hapo hapo.

Ya tatu ni povu la kopo la kubonyeza. Ni rahisi kutumia lakini linaisha haraka na bei yake ni kubwa. Pia kopo lina gesi ndani. Usiliweke karibu na jiko wala juani, na likiisha usilitupe kwenye moto wa takataka, maana litalipuka na watoto wako karibu.

KAMA HUNA HIZO, TUMIA NINI?

Tuseme ukweli, wengi wetu hatutanunua hizo. Basi tupange zile tulizonazo, kuanzia iliyo bora mpaka mbaya.

Sabuni ya kuogea ya kawaida inafaa. Ziwe za Mukwano kutoka Uganda, za Menengai kutoka Kenya, za Savonor ya Burundi au nyingine, chagua ile ya kuogea isiyo na manukato makali. Ukinusa na pua ikawasha, jua ngozi iliyokwanguliwa na wembe itawaka zaidi.

Sabuni za dawa, zile zinazosema zinaua vijidudu vyote, hazina faida kubwa ya kuongezea hapa. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku dawa 19 za kuua vijidudu kwenye sabuni za kawaida za nyumbani, baada ya viwanda kushindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Usilipe zaidi kwa jina la dawa.

Sabuni ya mche ya kufulia ni kali. Ukibanwa kabisa unaweza kuitumia mara moja moja, lakini osha uso vizuri baadaye na upake mafuta. Isiwe desturi.

Sabuni ya kutengeneza nyumbani ni nzuri kama imekomaa. Iache ikae wiki 4 angalau kabla ya kugusa uso. Ile ya jana yake bado inaweza kuwa na soda kali ndani na itakuunguza.

Sabuni ya unga, hapana. Hiyo imetengenezwa kutoa uchafu kwenye nguo. Inanyonya mafuta yote ya ngozi na kuacha uso umepasuka kama udongo wa kiangazi.

Na kuna moja ya kukataa kabisa, wala usiipeleke nyumbani: sabuni ya kujichubua. Baadhi ya hizo zina zebaki, na kwenye karatasi huandikwa kwa majina kama "mercury" au "mercuric iodide". Zebaki inapita kwenye ngozi na kuharibu figo, na inamdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unapiga vita vipodozi vya namna hiyo. Ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo midogo, kwa hiyo ni mlango wazi.

JARIBIO LA KIGANJA

Hujui kama sabuni yako inafaa? Fanya hivi. Lowesha kiganja, sugua sabuni mpaka povu litoke, kisha liache na uhesabu pole pole mpaka 100. Likibaki zito na lenye unyevu, sabuni hiyo itakusaidia. Likipasuka na kukauka likaacha ukoko mweupe, ama sabuni haifai ama maji ni ya chumvi.

Kuhusu maji, visima vingi vya Juba vina maji ya chumvi, na sabuni kwenye maji magumu inagandamana badala ya kutoa povu. Kwa kunyoa, kikombe kimoja cha maji ya mvua au ya mto kutoka kwenye tenki kinatosha. Yachemshe kwanza, halafu yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Hapo umepata maji laini, safi na ya moto kwa mkupuo mmoja.

Ukitaka kuboresha sabuni ya kuogea, paruza kidogo kwa kisu kwenye kikombe, weka maji ya moto vijiko viwili na matone machache ya gliserini, uache usiku mmoja. Asubuhi utapata kitu kama krimu. Tengeneza kidogo tu cha siku chache, maana sabuni yenye maji mengi inaoza.

Brashi si lazima. Vidole vinatosha, au kitambaa safi kilichokunjwa. Mwenye brashi aioshe na kuitundika ikauke, na asimwazime mtu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, wanajeshi wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa manyoya ya wanyama yasiyosafishwa. Kitu kidogo kama brashi kiliua watu.

VIPELE VYA NDEVU: SIO UCHAFU, SIO LAANA

Hapa nataka vijana wasikilize. Nywele zetu Waafrika nyingi zimejikunja. Ukizikata chini sana, ncha inabaki kali kama mkuki, na inapoota tena inapinda na kuchoma ngozi yenyewe. Mwili unaona kama mwiba umeingia, unavimba, ndiyo kipele. Kati ya wanajeshi weusi wa Marekani, ambao walilazimika kunyoa kila siku, watafiti walikuta tatizo hili kwa watu 45 kati ya 100, na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Kwa hiyo usimcheke mwenzako ukidhani haogi.

Kijana mmoja katika darasa letu la jioni alianza kukaa benchi la nyuma, amejifunga skafu mpaka puani wakati wa joto. Wenzake walimwita jina la chura. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa ananyoa kila asubuhi kwa sabuni ya unga, wembe uleule wa mwezi mzima, na anavuta kutoka chini kwenda juu. Alipokwenda zahanati hakupewa dawa kali. Aliambiwa aache kunyoa kwa mwezi mmoja, akae na ndevu zake. Vipele vilipungua, skafu ikatoka. Makovu mawili yamebaki shingoni, na hayo hayatoki kwa sabuni yoyote.

Ndiyo hatari yenyewe. Kipele kikikwanguliwa tena na tena kinaweza kuwa kovu linalovimba na kukua. Kisogoni nako ni hivyo hivyo kwa wale wanaokwanguliwa mpaka ngozi inang'aa. Na tafadhali, msipake zile krimu za tyubu za dawa ya ngozi zinazouzwa ovyo mezani sokoni. Nyingi zina dawa kali inayotuliza kwa siku chache, halafu inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Nenda zahanati.

JINSI YA KUNYOA, HATUA KWA HATUA

1. Osha mikono na uso. Weka kitambaa chenye maji vuguvugu kwenye ndevu kwa dakika 3. Au nyoa mara baada ya kuoga.

2. Paka povu kwa kuzungusha vidole, uache dakika 1 nyingine.

3. Tumia wembe mpya au ulio mkali. Wembe butu unakufanya ukandamize, na ukikandamiza unakata ngozi. Wembe mmoja wenye makali kwa kawaida unatosha kunyoa mara 3 mpaka 5.

4. Pitisha wembe kuelekea upande ndevu zinakolala, kwa vipande vifupi. Papasa kwanza ujue zinalala wapi, maana shingoni zinageuka. Usivute ngozi.

5. Pita mara moja. Ukipita mara ya pili kavu kavu, ndipo vipele vinapozaliwa. Hakuna ubaya ukibaki na vindevu kidogo.

6. Suuza kwa maji ya baridi, kausha kwa kubonyeza na kitambaa safi, usisugue.

7. Paka mafuta kidogo. Hapa Sudan Kusini tumebarikiwa kuwa na lulu, mafuta ya mti wa shea, ambayo Waacholi wa Uganda wanayaita moo yaa. Ni laini kwa ngozi iliyonyolewa na hayahitaji manukato ya dukani. Mwenye kipande cha shabu anaweza kukilowesha na kukipitisha palipochanika ili damu ikauke, lakini kila mtu na shabu yake.

Kwa mwenye vipele vya mara kwa mara, mashine inayobakiza ndevu fupi ni bora kuliko wembe. Na kwa wale ambao dini au desturi yao ni kufuga ndevu, wamepumzika, waoshe tu na kuchana.

WEMBE MMOJA, MTU MMOJA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Katika makabila yetu mengi, mtu akifa wafiwa wananyolewa kichwa. Watoto wachanga nao wananyolewa, na ndugu zetu Waislamu wananyoa mtoto siku ya akika. Ni mila nzuri, inatuunganisha hata ugenini. Lakini katika matanga mengine wembe mmoja unapita kwenye vichwa sita, saba, na kikombe kile kile cha sabuni.

Wembe unaacha mikwaruzo ambayo jicho halioni. Damu kidogo sana inatosha kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B, na virusi hivyo vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kuupangusa wembe kwa kitambaa hakusaidii. Kuuchovya kwenye maji ya sabuni hakusaidii. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C navyo vinaweza kupita kwenye damu. Mtu mwenye homa ya ini B anaweza kuonekana mzima miaka mingi huku ini linaharibika, na mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua.

Kwa hiyo, kabla ya msiba kufika, maana msiba haupigi hodi, tuweke desturi hii: anayekwenda matangani aende na wembe wake mpya mfukoni. Wembe mmoja ni bei ndogo sana kuliko safari moja ya hospitali. Wazee wa familia wakisema, vijana watafuata. Mila inabaki ileile. Mtoto mchanga naye anyolewe kwa wembe ambao haujaguswa na mtu, maji vuguvugu, povu la sabuni ya mtoto na mkono wa mtu mtulivu, na povu lisiingie machoni.

Kwa kinyozi, usione haya kuuliza. Mwambie, "Kaka, nimekuja na wembe wangu." Vifaa vya chuma vioshwe kwanza, halafu vilowekwe dakika 10 katika maji ya klorini: kwa dawa ya madoa yenye nguvu ya asilimia 3.5, kama Jik ya kawaida, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji, kisha visuuzwe na kukaushwa. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku. Kinyozi akifanya hivyo mbele ya wateja, watu watamwamini na biashara yake itakua.

Wembe uliokwisha usitupwe uwanjani ambapo watoto wanacheza peku. Toboa mfuniko wa kopo la maziwa, tumbukiza humo, na kopo likijaa lifunge na kulitupa kwenye shimo la choo.

Akina mama, mpelekeni mtoto chanjo. Chanjo ya penta, iliyoanza kutolewa Sudan Kusini mwaka 2014, ina kinga ya homa ya ini B ndani yake, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtu mzima anayetaka kujua hali yake aulize zahanati kama kipimo kipo.

KWA UFUPI

Maji kwanza, dakika 3. Sabuni ya kuogea isiyo kali, kidogo tu, na iwe ya kunyolea peke yake. Wembe mkali, upande ndevu zinakolala, mara moja. Lulu kidogo mwishoni. Na wembe haukopeshwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Baba, Jumamosi hii mwite kijana wako aliyeanza kuota ndevu, mkae naye juani na kikombe cha maji vuguvugu, umwonyeshe. Usipomfundisha wewe, atajifunza kwa rafiki zake, na kwa wembe wao.